Namna ya Kupima na Kugawa Mzigo wa Mazoezi kwa Wachezaji wa Mpira Katikati ya Msimu

Timu nyingi za komuni za Katuba, Kenya na Ruashi hapa Lubumbashi hazina vile vifaa vya setilaiti ambavyo wachezaji wa klabu kubwa huvivaa mgongoni. Mimi ni kocha wa viungo, na kazi hii naifanya kwa daftari, kalamu na saa. Jambo ninalotaka kocha mwenzangu alishike ni kwamba mzigo ni wa kila mchezaji peke yake. Hakuna mzigo wa timu, hata kama wote wamefanya mazoezi uwanja mmoja kwa muda uleule.

Hatua ya 1: Mwulize kila mchezaji, kisha zidisha

Njia hii ilienezwa na Carl Foster wa Marekani. Dakika 30 hivi baada ya mazoezi au mechi, mwulize mchezaji: “Leo kazi ilikuwa nzito kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10?” Sifuri ni kupumzika, na kumi ni juhudi ya mwisho kabisa. Jibu lake lizidishe kwa dakika alizofanya: mazoezi ya dakika 80 aliyoyapa 6 ni mzigo wa 480. Mwite kando, kwa sababu mbele ya wenzake kijana hatakubali kusema kwamba amechoka.

Namba ikikushangaza, usiifute. Ijumaa moja winga wangu wa kushoto alitoa 8 kwa mazoezi mepesi ya saa moja ambayo wenzake waliyapa 3 au 4. Nilipomwangalia mikono, viganja vilikuwa vimechubuka: tangu alfajiri alikuwa akipakua mifuko ya mahindi kwenye lori lililotoka Kasumbalesa. Ile 8 ilikuwa kweli tupu. Tangu siku hiyo daftari langu lina safu ya kazi za nje ya uwanja, kwa maana wengi wa vijana wetu huishi kwa kubeba, kuendesha pikipiki au kuchimba, na mwili hautofautishi jasho la mpira na jasho la mkate.

Hatua ya 2: Panga wiki ya mechi moja

Kama mechi ni Jumapili, waliocheza hufanya mazoezi mepesi ya kurejesha mwili Jumatatu na kupumzika Jumanne. Jumatano ni siku ya nguvu: michezo ya wanne kwa wanne katika eneo dogo, yenye kusimama ghafla na kugeuka. Alhamisi tumia uwanja mpana, ili kila mchezaji akimbie kwa kasi yake ya mwisho mara chache. Usiifute siku hiyo kwa kuogopa majeraha, kwa sababu msuli wa nyuma ya paja usiozoea kasi kamili mazoezini hukutana nayo mara ya kwanza ndani ya mechi. Ijumaa punguza, Jumamosi dakika 40 zinatosha.

Kwa beki wangu mmoja wiki hiyo ilitoka hivi: 60, 0, 480, 595, 240, 120, na mechi ya dakika 90 aliyoipa 9, yaani 810. Jumla ni 2,305.

Hatua ya 3: Mkumbuke aliyekaa benchi

Hapa ndipo makocha wengi tunapokosea, nami nimekosea kwa gharama ya mtoto wa watu. Mchezaji wa akiba aliyefanya mazoezi yote hayo, kisha akaingia dakika 15 za mwisho na kuzipa 6, anapata 90 tu za mechi. Jumla yake ni 1,585. Akiishi hivyo mwezi mzima, halafu siku moja aanze na kucheza dakika zote 90, mzigo wake unaruka kwa asilimia 45 ndani ya wiki moja. Wangu alishika paja kabla ya mapumziko, nasi tukamkosa kwa wiki nyingi.

Dawa yake ni Jumatatu. Wakati waliocheza wanajinyoosha, wasiocheza wafanye dakika 50 za kazi ya kweli, pamoja na mbio za kasi. Wakiipa 7 wanapata 350 badala ya 60, na wiki yao inapanda hadi 1,875. Pengo bado lipo, lakini si shimo tena.

Hatua ya 4: Linganisha wiki hii na wiki nne zilizopita

Gawanya jumla ya wiki hii kwa wastani wa wiki nne zilizotangulia. Makocha wengi hupenda jibu liwe kati ya 0.8 na 1.3. Wataalamu wanabishana juu ya mipaka hiyo, kwa hiyo kwangu mimi 1.5 ni sababu ya kuzungumza na mchezaji kabla sijaamua lolote. Mwezi wa Oktoba, joto linapokuwa kali kabla ya mvua, mazoezi yaleyale hupata namba kubwa zaidi. Hamishia kazi nzito asubuhi.

Hatua ya 5: Wiki yenye mechi mbili

Usiamini macho yako. Mtafiti Dupont na wenzake, katika utafiti wa klabu moja ya Ulaya uliochapishwa 2010, waliona kwamba wachezaji waliocheza mechi mbili kwa wiki walikimbia kama kawaida, lakini majeraha yalikuwa 25.6 kwa kila saa 1,000 za mazoezi na mechi, dhidi ya 4.1 kwa waliocheza moja. Kwa hiyo, timu ikicheza Jumapili na Alhamisi, katikati yake waliocheza wasifanye siku ya nguvu wala siku ya kasi: Jumatatu na Jumanne ni kurejesha mwili, na Jumatano ni mbinu kwa mwendo wa kutembea. Daftari lifungue Ijumaa asubuhi, na wale wawili au watatu wenye jumla kubwa kuliko wote waanzie benchi katika mechi inayofuata, hata kama mmoja wao ni nahodha.