Ukihisi gono usikimbilie duka la dawa, pima hivi kwanza

Jamani mtu akikojoa akasikia moto tu, mbio duka la dawa, anapewa sipro (antibayotiki ya siprofloksasini) anameza siku mbili, maumivu yanapungua anasema kapona. Hajapona. Bakteria wa gono wakiwa kooni wanaokota vinasaba vya bakteria wenzao wanaoishi humohumo, usugu wa dawa unaweza kuhamia kwao kirahisi, na sipro iliyokuwa inawamaliza zamani siku hizi sehemu nyingi hawaisikii na kimbilio limebaki sindano ya seftriaksoni. Hiyo nayo tukiichezea tutatibiwa na nini?

Kwahiyo usimeze antibayotiki yoyote kabla ya kipimo, inaweza kumficha mdudu na bado yupo. Siku ya kwenda bana mkojo angalau saa moja, ukifika kinga ule wa mwanzo kabisa, sio wa katikati kama wa UTI, maana mdudu yuko kwenye mrija wa mkojo na mkojo wa kwanza ndo unamkokota. Dada zangu ombeni swabu ya ukeni (kijiti cha pamba cha kuchukulia sampuli), inamnasa vizuri kuliko mkojo, na wengi wenu gono na klamidia (ugonjwa mwingine wa zinaa wa bakteria) haziwaumi kabisa mpaka mirija ya uzazi ishaharibika. Kama mdomo ulitumika sema, wachukue na kooni, usione aibu hapo.

Damu itolewe siku hiyohiyo, kaswende na VVU. Kaswende inaanza na kidonda kisichouma, mara nyingi kama wiki 3 baada ya tendo, kinafunga chenyewe mtu anasahau kumbe mdudu anasafiri kwenye damu. Na kama uliwahi kutibiwa kaswende waambie, kuna vipimo vinabaki pozitivu maisha yote, watakupima VDRL au RPR, vipimo vya damu vya kaswende, waone kiwango kimeshuka au kimepanda. VVU, kama tendo halijafikisha saa 72 usikae kusubiri majibu ya wiki ijayo, wahi leo ukaombe PEP, dawa za kuzuia VVU zisikuingie, za siku 28. Kama zimepita pima, alafu rudia ikitimia miezi 3.

Virusi antibayotiki haiwagusi. Hepesi, kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri, inajificha kwenye mishipa ya fahamu, dawa ya asikloviri inaituliza tu haiitoi. HPV, kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, ina chanjo, mabinti wapelekwe kabla hawajaanza mambo.

Ukikutwa na gono au klamidia mwite mwenzio atibiwe pia, mkae siku 7 bila tendo baada ya dawa, la sivyo mnarudishiana uleule.