Buji ikiwaka, nani yuko macho?

Kwetu Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, umeme ulipokatika jioni, koko, yaani bibi, alikuwa na swali moja kabla ya mtu yeyote kushika kibiriti: "Leo nani analinda buji?" Buji ndiyo mshumaa, na kuulinda ilikuwa kazi kweli. Mtoto aliyetajwa hakulala mpaka wengine wote walale, na ni yeye aliyeupuliza. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, ya jirani ya mbao, na katikati palikuwa na kijia cha kupita mtu mmoja na bidoni yake, yaani dumu la maji. Aliyekulia Nyamugo au Kadutu anajua moto unavyoshuka mlima ule, nyumba kwa nyumba, kabla maji hayajapatikana.

Sasa ninaishi Liège, Ubelgiji, na naandika haya nikiwa Bukavu kwa likizo, kwenye meza ileile, mshumaa ukiwa mbele yangu. Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu: tulipovuka kwenda ng'ambo tulibeba buji, tukamwacha mlinzi. Kule mshumaa si taa tena. Ni manukato, ni pambo la meza, ni sala. Tunauwasha, kisha tunaingia jikoni, tunapiga simu nyumbani saa nzima, au tunajinyoosha kwenye kochi baada ya kazi ya usiku.

Mwaka mmoja tulikuwa na kilio. Ndugu alifia Bukavu, hatukuweza kusafiri, tukaweka picha yake sebuleni kwenye meza ndogo, mshumaa mkubwa pembeni na maua ya plastiki kuuzunguka. Tulikesha tukiimba. Kufika saa kumi za alfajiri kila mtu alikuwa amelala, kila mmoja akiamini mwenzake yuko macho. King'ora cha moshi ndicho kilichotuamsha. Maua yalikuwa yameshika na moto unalamba pazia. Mama mmoja alikimbilia ndoo ya maji, lakini kijana akamtangulia: akaling'oa pazia akalikanyaga, akaufunika mshumaa na maua kwa sufuria ile tuliyosongea fufu.

Alifanya vizuri, na sababu yake ijulikane kwa kila mtu. Nta iliyoyeyuka na kushika moto ina tabia ya mafuta ya kukaangia. Ukiimwagia maji, yanazama chini ya nta, yanageuka mvuke kwa mara moja na kurusha nta inayowaka hadi usoni kwako. Funika. Moto ukikosa hewa unakufa. Kisha usikifunue chombo haraka, kiache kipoe.

Tangu siku ile, kwenye kilio chochote ninachokwenda, naomba watu wapeane zamu kwa majina, saa hadi saa. Anayemaliza zamu anamwamsha anayefuata kwa mkono. Mwenye zamu akishindwa, azime. Marehemu hapungukiwi na kitu mshumaa ukizimwa saa nane usiku na kuwashwa tena asubuhi. Tena, mishumaa ya betri inapatikana siku hizi, na padri niliyemuuliza hakuona ubaya wowote kuiweka mbele ya picha usiku.

Mengine ni ya mikono tu. Kata utambi ubaki kama nusu sentimita kabla ya kuwasha. Utambi mrefu ndio unaotoa masizi na mwali unaorukaruka. Acha angalau sentimita 30 kati ya mshumaa na chochote kinachoweza kuungua, na utazame juu pia, maana rafu ya vitabu iliyo juu yake inapata joto kuliko kitu kilicho pembeni. Ule wa kwenye glasi usiuache uwake zaidi ya saa nne mfululizo, na uutupe nta ikibaki kama sentimita moja, kwa sababu mwali ukigusa kitako, glasi inaweza kupasuka. Dada zangu, nywele za kuongeza ni plastiki. Ukiinama kuwasha buji nyingine huku ncha za rasta zikining'inia mbele, moto unapanda haraka kuliko mkono wako. Zifunge nyuma kwanza, na ncha ya kikwembe, yaani kitenge, uichomeke.

King'ora cha moshi usikiondoe betri kwa sababu kinalia ukikaanga samaki. Ufaransa kinatakiwa katika kila nyumba tangu 2015, na Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji, katika nyumba zote tangu 2020. Soma pia mkataba wako wa nyumba. Wenye nyumba wengine wanakataza mishumaa kabisa. Namba ya dharura ni 112 Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada. Mama akija kukutembelea, mwandikie namba hiyo pamoja na anwani yako kwa herufi kubwa, ukaibandike mlangoni. Mgeni anaweza kukumbuka namba lakini asijue yuko mtaa gani.

Na mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, isiingie ndani wakati wa baridi, hata kama umeme wa kupasha nyumba umekuwa ghali. Hewa yake ya sumu haina harufu, inakukuta usingizini.

Sasa safari ya kurudi nyumbani. Bukavu bado ina giza. Bwawa la Ruzizi liko pale maji yanapotokea ziwani, na takataka za plastiki zinazofika kwenye mitambo zinatuongezea siku za delestaji, yaani umeme wa mgao. Watoto wako waliozaliwa ng'ambo hawajawahi kuishi na mwali ulio wazi. Wanaupenda, wanaupulizia, wanauchomea karatasi. Jioni ya kwanza kabisa kaa nao, uwaonyeshe, na umpe mkubwa wao cheo cha mlinzi mbele ya koko wao. Wangu alikipokea kwa heshima kubwa.

Usiigandishe buji kwa nta yake kwenye ukingo wa meza au juu ya kikombe kilichopinduliwa, kama tulivyozoea. Chukua kopo pana la maziwa ya unga, ujaze mchanga nusu, usimamishe humo. Ikianguka, inaangukia mchanga. Chumba chenye chandarua kisiingie buji hata kwa dakika moja, maana chandarua cha nailoni hakikupi nafasi ya kufikiri. Humo tumia tochi.

Zawadi bora ya kuleta, kwa maoni yangu, ni taa za sola na king'ora cha moshi cha betri. Kitundike kwenye korido karibu na vyumba vya kulala, mbali na jiko la makala, vinginevyo kitalia kila jioni na mzee atakiondoa. Ukibeba power bank, ile betri ya kuchajia simu, iwe kwenye mzigo wa mkononi. Hairuhusiwi kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Kwa ndugu wa Goma nina la ziada. Upande wa Himbi, Keshero na kuelekea Sake, mazuku hutoka ardhini na kutuama mahali pa chini, hasa usiku na alfajiri. Ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa ya kawaida. Ukiwa kwenye shimo, kisima au chumba kilicho chini, na buji ikazimika yenyewe bila upepo, usiiwashe tena na usiiname kuangalia. Beba mtoto juu, mtoke. Wala usishushe mshumaa kupima kama mazuku yapo, kwa sababu mwali ukishindwa, wewe pia tayari uko hatarini.

Mtu akiungua, maji safi ya baridi yapite juu ya kidonda dakika 20. Bukavu bomba linaweza kuwa kavu, kwa hiyo bidoni ya maji na kikombe vikae karibu na meza kabla giza halijaingia. Dawa ya meno, mawese na yai visipakwe, vinazuia joto lisitoke na kumpa muuguzi kazi ya kusafisha kabla ya kutibu.

Leo mchana nimezunguka nyumba ya mama. Madirisha yote yana nondo, na mlango wa nyuma hufungwa kwa kufuli usiku. Nilipouliza ufunguo uko wapi, watu watatu walinipa majibu matatu. Sasa umetundikwa kwenye msumari kando ya mlango, kimo cha mkono wa mtoto, na kila mmoja ameushika akiwa amefumba macho.