Msimu Ukivunjika Katikati: Namna ya Kuupima, kwa Mfano wa Luke Cage

Msimu wa kwanza wa Luke Cage, tamthilia ya Marvel kuhusu shujaa wa mtaa wa Harlem, New York, ambaye ngozi yake haipenyeki risasi, ulitolewa na Netflix tarehe 30 Septemba 2016, sehemu zote 13 kwa mpigo. Mpaka leo watu wanabishana. Mmoja anaapa ni moto wa kuotea mbali, mwingine anasema aliuacha njiani. Wote wawili wameona kitu cha kweli, na ndiyo sababu msimu huu unafaa kujifunzia kupima msimu unaopoteza ubora katikati. Tahadhari: tunataja nani anakufa na lini.

Kwanza, vifaa. Daftari, saa na karatasi yenye miraba midogo ya kuchorea grafu vinatosha. Tazama toleo lenye sauti ya asili. Nakala iliyotafsiriwa na DJ ina raha yake, lakini ukiitumia kupimia utakuwa unampa alama DJ, na muziki utakuwa umefunikwa. Katika Luke Cage hasara hiyo ni kubwa: Adrian Younge na Ali Shaheed Muhammad waliutungia muziki wake, kila sehemu imepewa jina la wimbo wa kundi la hip-hop la Gang Starr, na Harlem's Paradise, ukumbi wa burudani wa adui wa kwanza, una wanamuziki wanaopiga jukwaani kweli. Kisha usizidishe sehemu tatu kwa usiku mmoja. Sehemu moja ni karibu saa nzima. Ukifika ya tano bila kulala, kila mazungumzo yanaonekana marefu, na uchovu wako unaandikwa kwenye hesabu ya mtunzi.

Kila sehemu ikiisha, kabla hujagusa ifuatayo, ipe alama 0 hadi 3 katika mambo manne: hadithi inasogea au inazunguka palepale, adui ana uzito au ni kelele tu, nguvu za steringi zina mipaka inayoeleweka, picha, sauti na mapigano vinafanya kazi yake. Jumla ya juu ni 12. Weka nukta kwenye karatasi ya mraba, moja kwa kila sehemu, uziunge kwa mstari.

Sasa soma mstari huo. Nukta moja iliyoshuka peke yake ni ajali, iache. Anguko la alama 3 au zaidi linaloendelea kwa sehemu mbili au zaidi, hapo ndipo pamevunjika. Umbo la mstari nalo lina habari. Tamthilia nyingine ya Marvel, Agents of S.H.I.E.L.D., msimu wa kwanza wenye sehemu 22 (2013 hadi 2014), ulijikokota mwanzoni kwa sababu siri yake kuu ilikuwa imefungwa na filamu ya Captain America: The Winter Soldier. Filamu ilipofika kumbi za Marekani Aprili 2014, sehemu ya 17 ikarushwa siku chache baadaye na mstari ukapanda. Msimu wa pili wa tamthilia ya Heroes ulikatwa ukaishia sehemu 11 kwa mgomo wa waandishi wa 2007, kwa hiyo mwisho wake wa haraka usiulaumu kama vile waandishi walikuwa na nafasi ya kutosha. Kabla ya kuhukumu, jua msimu ulibanwa na nini.

Luke Cage haukubanwa hivyo. Mstari wake unakaa juu tangu sehemu ya kwanza, unafika sehemu ya 7, kisha unaporomoka. Rudia kutazama sehemu ya mvunjiko na ile inayoifuata, mara hii ukitafuta sababu badala ya alama. Katika sehemu ya 7 tunaoneshwa ujana wa Cottonmouth, adui mkuu wa nusu ya kwanza: kijana mwenye kipaji cha kinanda aliyesukumwa kwenye uhalifu na bibi yake, Mama Mabel. Dakika chache baada ya kumwelewa, binamu yake Mariah anamsukuma kupitia dirishani na kummalizia kwa stendi ya maikrofoni. Tukio lenyewe ni zuri sana. Tatizo ni kiti alichokiacha, na nani anakuja kukikalia.

Anakuja Diamondback, adui wa nusu ya pili. Hapa tumia jaribio hili: mtoe steringi kwenye hadithi, uone kama adui bado ana kazi ya kufanya. Cottonmouth ana ukumbi, biashara ya silaha, binamu mwanasiasa na picha ya rapa Biggie mwenye taji nyuma ya meza yake; Luke asingezaliwa, bado angeamka na shughuli zake. Diamondback ana uchungu wa kuwa mtoto wa nje wa baba mmoja na Luke. Ukimwondoa Luke, anabaki hana la kufanya.

Jaribio la pili linahusu maumivu. Mtu asiyepenyeka risasi anaumizwa na nini? Nusu ya kwanza inajibu kwa akili: anaumia kupitia watu wake. Pop, mzee anayemlea kama baba, anauawa katika duka lake la kunyolea nywele sehemu ya 2. Mgahawa wa mama mwenye nyumba wake unalipuliwa kwa roketi mwisho wa sehemu ya 3. Nusu ya pili inaleta risasi maalumu ya Judas inayopenya ngozi. Risasi hiyo inazaa jeraha, jeraha linahitaji matibabu, matibabu yanakula muda, na Harlem inasubiri.

Kosa linalofanywa sana hapa ni kumtupia lawama mwigizaji. Nakili mistari mitano ya adui kutoka manukuu ya chini ya picha, uisome karatasini bila sura yake. Ikiwa imelegea hata hapo, Erik LaRay Harvey, aliyeigiza Diamondback, hana kesi ya kujibu. Na usimpandishe Mahershala Ali, aliyeigiza Cottonmouth, kwa sababu baadaye alipata Oscar. Mpe alama za alichofanya hapa, zinatosha.

Baada ya mvunjiko tafuta kilichosalia. Shika saa, uhesabu dakika za Mariah, mhalifu Shades na mpelelezi wa polisi Misty Knight kuanzia sehemu ya 8. Utaona Mariah anakua mbele ya macho yako, na uhusiano wake na Shades ni bora kuliko ugomvi wote wa ndugu wawili. Sehemu ya 13 igawe vipande viwili uvipe alama mbalimbali: pigano la barabarani, Diamondback akiwa na vazi linaloonekana la kukodi, na yanayofuata kituo cha polisi, ambako hadithi inapata pumzi tena. Ukiipa alama moja tu, kipande kimoja kitaficha kingine.

Mwisho, usitoe wastani. Ukisema "7 kati ya 10" umemdanganya anayependa nusu ya kwanza na anayechukia ya pili. Andika mistari mitatu: ubora ulifika wapi, ulivunjika wapi na kwa nini, nini kilisalimika. Kisha mpe msomaji njia ya kutazama. Kwa Luke Cage: sehemu 1 hadi 7 bila kuruka, ukijua ya 7 inaishia mlio wa bunduki unaokuvuta mbele, 8 hadi 11 kwa subira, kwa ajili ya Mariah na Misty, ya 12 kwa rapa Method Man na wimbo wake, ya 13 uvumilie pigano.