Sencha kwenye finjani za kahawa

Birika likianza kulia, liepue na uliache wazi. Pakiti yangu ya kwanza ya sencha, chai ya kijani ya Wajapani, niliiharibu hapo. Nilimimina maji yanayotokota, nikafunika kama ninavyofanya kwa chai ya Usambara, kilichotoka kikawa kichungu kama shubiri. Majani hayakuwa na kosa lolote.

Sencha hupigwa mvuke mara tu ikichumwa ili ibaki kijani, kisha husokotwa na kukaushwa. Njia hiyo ilitengenezwa vizuri na Nagatani Soen, mkulima wa Uji karibu na Kyoto, mwaka 1738. Chai yetu ya milimani huachwa ikutane na hewa mpaka iwe nyeusi, na inastahimili kuchemshwa na tangawizi. Hii haistahimili. Maji ya moto mno huitoa ukali wote kwa pamoja. Yaliyopoa kidogo hutoa utamu kwanza.

Buli la Wajapani, kyusu, mkono wake huchomoza ubavuni. Mimi sina. Natumia buli dogo la kaure aliloniachia bibi, na zile finjani zisizo na mkono za wauza kahawa wa hapa Ngamiani, Tanga. Nawapenda watu wale na madele yao. Kyoto nako aliwahi kuwapo mtawa mzee, Baisao (1675–1763), aliyebeba vyombo vyake akiuza chai njiani.

Maji ya bomba yanafaa, ila yachemke sawasawa harufu ya dawa itoke. Ya kisima yenye chumvi usijaribu.

Kwa watu watatu, jaza maji ya moto kwenye finjani tatu tupu. Hapo umepima maji, umepasha finjani, na umeyapoza, maana kila yakihamia chombo kingine hupungua kama nyuzi 10. Sasa subiri. Tanga joto la Februari halipozi upesi, kwa hiyo usiangalie saa: shika finjani. Vidole vikiweza kutulia juu yake bila kuruka, maji yako karibu na nyuzi 70.

Weka vijiko viwili vya chai vya majani ndani ya buli, rudishia maji yale, funika dakika moja. Usitikise. Ukichungulia utaona vijisindano vikifunguka polepole kuwa jani zima, rangi ya mchicha uliotoka jikoni.

Kumimina ndiko ninakokusisitizia. Kidogo finjani ya kwanza, kidogo ya pili, kidogo ya tatu. Kisha rudi kutoka ya tatu hadi ya kwanza, ili mgeni mmoja asipate maji na mwingine ukali. Inamisha buli mpaka tone la mwisho lidondoke. Tone hilo ndilo lenye ladha nzito, na maji yakibaki ndani yataharibu mkupuo wa pili.

Mtoto wa kaka yangu huuliza, "Shangazi, sukari iko wapi?" Namsogezea kashata, namwambia aonje chai kwanza.

Mkupuo wa pili hauhitaji kusubiri: maji ya moto zaidi, sekunde kumi na tano, mimina. Wa tatu vilevile, ukikaa kidogo zaidi. Majani yakishalainika siyatupi. Nayakamulia ndimu, nanyunyiza chumvi, nayala na wali.