Jinsi ya kuwauliza wapelelezi wa serikali maswali bila kufukuzwa na "usalama wa taifa" (Kenya)

Watu wengi wakishuku simu yao inasikizwa huwa wanaandika barua moja tu, ndefu, kali, na ndani yake swali ni moja: mnanichunguza? Jibu linarudi mstari mmoja, usalama wa taifa, kwisha. Mimi pia niliandika hiyo barua, kurasa tatu nzima, nikaipeleka ofisi fulani ya serikali hapa Nairobi ambayo sitaitaja, nikangoja weee, na kumbe hata muhuri wa kupokelewa sikupigiwa manake sikujua lazima uombe, sasa hata ushahidi kwamba nilifika pale sina. Kwa hivyo haya nayoandika hapa ni yale ningependa mtu angeniambia kabla sijapoteza miezi.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba usiulize juu ya oparesheni, uliza juu ya makaratasi. Nani anafuatwa, kwa nini, kwa mbinu gani, hiyo hawatakuambia na sheria inawapa mlango wa kutokea, kifungu cha 6 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 kinataja usalama wa taifa wazi kabisa na shughuli za ujasusi zimo. Lakini ukiuliza mwongozo umeandikwa vipi, data inakaa siku ngapi, tenda ilipewa nani na kwa pesa ngapi, ofisa wa cheo gani ndiye anaweka sahihi, hapo sasa mtu anayetaka kukunyima lazima akune kichwa, kwa sababu idadi na sera si siri ya vita.

Mfano mzuri ni Huduma Namba, ile kadi ya utambulisho ya kidijitali ya serikali. Watu walipiga kelele sana mitandaoni, sawa, lakini Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah aliposema ile kadi ilitolewa kinyume cha sheria, kesi ya Katiba Institute ilikuwa imesimama juu ya karatasi moja tu: tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, yaani ripoti ya kupima mradi unaweza kuhatarisha vipi taarifa za watu, ambayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitaka kwenye kifungu cha 31, na serikali haikuwa imeifanya. Karatasi moja haikuwepo na mradi wa mabilioni ukaambiwa ngoja, fanya hiyo kwanza.

Haya, unamuuliza nani? Katiba inataja vyombo vitatu vya usalama wa taifa: jeshi, NIS (idara ya ujasusi) na polisi. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, iko chini ya polisi, na hii ni muhimu tutarudi hapo. NIS kwa sheria yake ya 2012 haiwezi kusikiza mawasiliano yako bila kibali cha Mahakama Kuu, kwa hivyo swali la "mliomba vibali vingapi 2024, vingapi vilikubaliwa, vingapi vilikataliwa" ni swali halali, na si lazima umuulize NIS peke yake, idara ya Mahakama nayo ni ofisi ya umma, iandikie pia. Ndio ujanja wenyewe, mlango mmoja ukifungwa unabisha wa jirani. Kama ni kamera za barabarani uliza polisi na pia kaunti. Kama ni mtambo ulionunuliwa uliza wizara iliyolipa.

Barua yenyewe iwe fupi. Sheria inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili ama Kiingereza na kama hujui kuandika unasema kwa mdomo, ofisa wa habari analazimika kukuandikia. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi, watakachokutoza ni gharama ya kopi. Usieleze sababu, sheria haikulazimishi, na ukianza kueleza ndio unaanza kukasirika na barua inakuwa kurasa tatu kama yangu. Ila haki hii ni ya raia, kwa hivyo ambatisha kopi ya kitambulisho. Yangu ya pili ilikaa hivi:

"Mimi ni raia wa Kenya. Chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 naomba: moja, idadi ya kamera za CCTV ambazo ofisi yenu inazisimamia jijini Nairobi. Mbili, sera iliyoandikwa inayosema picha zinahifadhiwa kwa muda gani. Tatu, cheo cha ofisa anayeidhinisha picha kupewa ofisi nyingine. Nne, kopi ya tathmini ya athari kwa ulinzi wa data kama ilifanywa. Tano, gharama ya mkataba wa kuzihudumia. Kama sehemu ya hati ni ya siri, naomba mfiche sehemu hiyo na mnipe iliyobaki."

Hiyo sentensi ya mwisho usiisahau kabisa. Mtu wa ofisi akikuta neno moja la siri kwenye ukurasa wa nne anafurahi kukunyima zote nne, sasa wewe umemwambia mapema afanye nini.

Peleka mwenyewe, kopi mbili, moja wanabaki nayo, moja wanakupigia muhuri na tarehe. Mlinzi wa geti akisema "iache tu hapa" usiiache, uliza rejista iko wapi. Halafu tuma imeli pia siku hiyo hiyo.

Sasa hesabu siku. Wana siku 21. Wanaweza kujiongezea 14 mara moja tu wakitoa sababu. Kama wanasema habari iko kwa ofisi nyingine wanatakiwa kuhamisha ombi ndani ya siku 5, si kukuambia nenda ukatafute. Na wakinyamaza mpaka siku ziishe, sheria inahesabu huo ukimya kama wamekataa, kwa hivyo usikae ukingoja jibu ambalo halitakuja, kuanzia hapo una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile tunaita Ombudsman. Wengi ndio hupotelea hapa, wanangoja kwa adabu, wanapiga simu, wanaambiwa bosi yuko kwa mkutano, siku 30 zinapita. Adabu yako weka kando kidogo. Ombudsman ana uwezo wa kuagiza habari itolewe na agizo lake linaweza kutekelezwa kama la Mahakama Kuu. Kwenye malalamiko taja maslahi ya umma, manake hata habari iliyo kwenye orodha ya siri mahakama inaweza kuamua itoke kama faida ya umma ni kubwa kuliko madhara.

Kama unataka data yako binafsi hiyo ni njia nyingine kabisa, usichanganye. Andikia kampuni ya simu ama ofisi ya serikali ukitumia kifungu cha 26 cha Sheria ya Kulinda Data, uliza wana nini juu yako, wameipata wapi, wamempa nani. Kanuni za 2021 zinawapa siku 7 na ni bure. Wakikuzungusha unaenda kwa Kamishna wa Data, ambaye anatakiwa kumaliza malalamiko ndani ya siku 90. Sitakudanganya, kuna msamaha wa usalama wa taifa huko pia, lakini kampuni ya kibinafsi inaona aibu zaidi kukukatalia kuliko serikali, na hata jibu la nusu linakuonyesha kitu.

Malalamiko juu ya mtu aliyekukosea: kama ni polisi wa DCI unaenda IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, ndio maana nilisema kumbuka DCI ni polisi. Kama ni NIS, sheria yake ina bodi ya malalamiko, na Bunge lina Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuomba Bunge lishughulikie jambo, na ombi likishasomwa bungeni linabaki kwenye kumbukumbu, hata kama hawajafanya kitu.

Na ukiwa na kesi yoyote mahakamani soma faili yako vizuri. Afrika Kusini mwandishi Sam Sole alipata uhakika kwamba alisikizwa baada ya mazungumzo yake kutokea kwenye karatasi za kesi, na 2021 Mahakama ya Katiba ya huko ikasema mtu aliyechunguzwa lazima aambiwe baadaye. Sheria yetu ya NIS haina kitu kama hicho, kwa hivyo hilo pia ni la kuweka kwenye ombi la Bunge.

Jambo moja la haraka: kama mtu amechukuliwa na watu wasiojulikana hakuna barua za siku 21 hapo. Ombi linalohusu maisha ama uhuru wa mtu linajibiwa ndani ya saa 48, liandike hivyo juu kabisa, lakini zaidi ya yote tafuta wakili usiku huo huo aende Mahakama Kuu kuomba aliyechukuliwa aletwe mbele ya jaji, haki hiyo Katiba haikubali ipunguzwe kwa sababu yoyote.

Hiyo barua yangu ya pili ilikaa kimya siku 21, nikaenda kwa Ombudsman siku ya 24, na baadaye nikapata majibu mawili kati ya matano, namba ya kamera na cheo cha ofisa. Kuhusu tathmini ya athari wamesema "inashughulikiwa". Nimewaandikia tena kuuliza ilianza kushughulikiwa tarehe gani, na safari hii muhuri ninao.