Kamera haitoi picha kwenye bodi ya Linux? Fuatilia kuanzia kwenye umeme kabla hujagusa draiva

Hii ni kwa yeyote aliyechomeka kamera kwenye bodi yake, akabuti, akakuta /dev/video0 (faili ambalo Linux inaitumia kuonyesha kamera) haipo, au ipo ila picha haiji. Najua mkono unakimbilia wapi, unataka kufungua faili la draiva uanze kumwaga printk (mistari ya kuchapa ujumbe kwenye log ya keneli) kila mahali, nakuomba subiri kwanza. Kamera ni mnyororo: umeme, kloku, riseti, I2C (waya za kuongea na sensa), divaisi trii (faili linaloieleza keneli vifaa vilivyopo kwenye bodi), leni za CSI (nyaya zinazobeba picha), alafu mwisho ndo bafa za V4L2 (mfumo wa video wa Linux), na kila kipande kinamtegemea aliyetangulia, kwahiyo ukianzia katikati utazunguka siku nzima unatafuta kosa ambalo umeshalipita. Nitatumia sensa ya IMX219 maana draiva yake imo ndani ya keneli, lakini utaratibu ni uleule kwa sensa nyingine za MIPI CSI-2.

Anza na log:

dmesg | grep -i imx219

Kukiwa kimya kabisa, hakuna hata neno moja, huenda draiva haijaitwa. Angalia kama CONFIG_VIDEO_IMX219 imewashwa, kama moduli imepakiwa, na kama compatible (jina la sensa kwenye divaisi trii) imeandikwa "sony,imx219" herufi kwa herufi. Alafu usiamini faili la divaisi trii uliloandika wewe, amini ile ambayo keneli imepokea kweli, unaitoa hivi:

dtc -I fs -O dts /proc/device-tree > sasa.dts

Mara nyingi sana mtu anahariri dtb (divaisi trii iliyokompailiwa) moja na butiloda (programu inayoiamsha keneli) inapakia nyingine kutoka folda tofauti, yaani unabadilisha badilisha na hakuna kinachobadilika.

Ukiona -517, draiva inasubiri kitu kingine kiamke, mara nyingi regyuleta (kifaa kinachotoa voltaji) au kloku ambayo draiva yake hukuiwasha kwenye keneli. Fungua /sys/kernel/debug/devices_deferred, keneli za karibuni zinakuandikia hadi sababu. Ukiona -121, -6 au -110, hapo I2C imegonga mlango na sensa haijajibu, namba inategemea kontrola ya I2C ya chipu yako lakini maana ni ileile.

Hapa kwenye sensa kutojibu ndo pa kutulia, maana matatizo mengi yako hapa na multimita itakusaidia kuliko kompyuta. IMX219 inataka voltaji tatu: 2.8 V ya analogi, 1.8 V ya pini za mawasiliano na 1.2 V ya ndani. Pima zote tatu karibu kabisa na sensa, sio kwenye regyuleta, maana kebo bapa ikikaa upande kidogo kwenye konekta unaweza kuwa na mbili tu kati ya tatu. Inataka pia kloku ya 24 MHz. Kuna moduli zenye kristali yake ndani, ila kama bodi umechora mwenyewe na kloku inatoka kwenye chipu kuu, weka osiloskopu uione kwa macho, sensa nyingi bila kloku hata I2C hazijibu.

Sasa mtego mmoja ambao unawapoteza watu wengi. Probe (pale draiva inapojaribu kuitambua sensa) ikishindwa, draiva inazima umeme wa sensa na kuondoka. Wewe baada ya hapo unaendesha i2cdetect, unaona patupu, unasema sensa imekufa, kumbe imezimwa tu. Ili upime kwa haki weka regulator-always-on kwa muda kwenye regyuleta zake, hakikisha kloku inatembea, shikilia pini ya riseti juu kwa gpioset, ndo utafute (namba ya laini ya I2C kwako inaweza isiwe 10):

i2cdetect -y 10

Ukiona 10 kwenye jedwali (hio ni anwani ya sensa, 0x10, sio namba ya laini), sensa iko hai. Ukiona UU maana yake draiva imeshaishika ile anwani, hio sio eror. Alafu muulize jina lake:

i2ctransfer -y 10 w2@0x10 0x00 0x00 r2

Jibu linatakiwa liwe 0x02 0x19. Ukipata hilo, umeme, kloku, riseti na I2C vyote vimepita kwa mkupuo, usirudi tena huko. Na anwani nayo uiangalie vizuri, datashiti nyingine zinaandika anwani ya biti 8 wakati Linux inataka ya biti 7, mfano sensa ya OV5647 utaikuta imeandikwa 0x6C lakini kwenye divaisi trii ni 0x36.

Riseti naomba niiseme peke yake maana mimi ilinilia siku mbili nzima. Kwenye divaisi trii unaandika GPIO_ACTIVE_LOW au GPIO_ACTIVE_HIGH, yaani 1 ya draiva imaanishe pini iwe chini au iwe juu, na draiva inaandika 0 au 1 ya kimantiki juu ya hapo. Draiva ya IMX219 ikiwasha sensa inaandika 1, kwahiyo inategemea ACTIVE_HIGH, lakini kuna draiva nyingine zinaandika 0 kuitoa sensa kwenye riseti na hizo zinataka ACTIVE_LOW. Ukikopi kipande kutoka sensa moja kwenda nyingine bila kusoma fankisheni ya kuwasha umeme, sensa inakaa kwenye riseti muda wote na kila kitu kingine kinaonekana sawa. Angalia na muda wa kusubiri baada ya riseti, IMX219 inapewa mikrosekunde 6200 kabla ya kuongeleshwa.

Haya, probe imepita, /dev/video0 ipo, fremu hamna. Chora njia ya picha:

media-ctl -p

Soma kila kiungo kuanzia sensa hadi video. Fomati na saizi lazima zifanane pande zote mbili za kiungo, zikitofautiana hata kidogo STREAMON (amri ya kuanza kupokea picha) inarudisha -32, ile "Broken pipe". Ukishazipanga kwa media-ctl -V jaribu:

v4l2-ctl -d /dev/video0 --stream-mmap --stream-count=10 --stream-to=fremu.raw

Ikiganda, fungua /proc/interrupts mara mbili uangalie mstari wa risiva ya CSI (sehemu ya chipu kuu inayopokea picha). Namba haipandi? Basi ama sensa haitumi ama risiva haielewi inachotumiwa. Kwenye divaisi trii linganisha data-lanes za pande zote mbili, na link-frequencies (masafa ya leni). Hesabu ifanye mwenyewe usikopi: kwa IMX219 masafa ni 456 MHz, data inapita kwenye kingo zote mbili za kloku kwahiyo ni Mbit 912 kwa sekunde kwa kila leni, mara leni 2, gawa kwa biti 10 za pikseli, unapata pikseli milioni 182.4 kwa sekunde, na ndo namba iliyoko kwenye draiva. Risiva inatumia masafa hayo kupanga muda wa kuanza kusoma leni, ukiiandikia namba ya uongo fremu haziji au zinakuja zimejaa eror za CRC (dalili kwamba data imeharibika njiani). Eror za CRC wakati namba zote ziko sawa, rudi kwenye kebo.

Kitu kizuri sana hapa ni mchoro wa majaribio wa sensa yenyewe:

v4l2-ctl -d /dev/v4l-subdev0 -c test_pattern=1

Michirizi ya rangi ikija safi, leni na bafa ziko sawa na tatizo liko kwenye lenzi, mwanga au eksposha. Isipokuja kabisa, bado uko kwenye CSI. Ukitaka kuona programu inaomba nini hasa, andika 3 kwenye /sys/class/video4linux/video0/dev_debug na dmesg itakuonyesha ioctl (maombi ya programu kwa draiva) zinazopita, isipokuwa QBUF na DQBUF za kupeana bafa. Ukifika hapa na bado huelewi, sasa ndo printk zako zina maana, maana unajua uziweke wapi.

Fremu ikishapatikana pima faili kabla ya kuitazama. 1920x1080 ya RAW10 (biti 10 kwa pikseli) iliyobanwa, yaani pikseli 4 kwenye baiti 5, ni baiti 2,592,000 kwa fremu, isiyobanwa, baiti 2 kwa pikseli, ni 4,147,200, kama hakuna nafasi za ziada mwishoni mwa mistari. Picha ikionekana nyeusi nyeusi na ya kijani usiogope, hio ni Bayer ghafi (kila pikseli ina rangi moja tu) haijapita kwenye ISP (sehemu inayochakata picha), maktaba ya libcamera ndo itaitengeneza. Ila ikishapita huko na nyekundu na bluu bado zimebadilishana, angalia mpangilio wa Bayer, na hasa kama umewasha hflip au vflip, kwenye IMX219 kugeuza picha kunabadilisha SRGGB kuwa mpangilio mwingine, na fomati uliyoweka kwenye kiungo inabidi uibadilishe nayo.