Jinsi ya kuandika skripti ya filamu (soma yote kabla ya kuniuliza)

Wakuu, kila wiki naulizwa skripti inaanzaje, leo naandika mara moja iishe.

1. Ieleze stori yako kwa sentensi mbili. Ukishindwa bado hujaijua.

2. Fonti Courier, saizi 12. Ukurasa mmoja unakadiriwa dakika moja.

3. Kila sini (tukio la sehemu moja na muda mmoja) ina kichwa chake: NDANI. JIKONI KWA ASHA – USIKU.

4. Hapa ndipo nilipoharibu. Andika kinachoonekana na kinachosikika TU. Skripti yangu ya kwanza niliandika "Asha ana hasira kwa sababu mumewe kauza shamba la Mkuranga kimyakimya". Siku ya kushuti dairekta akaniuliza hilo shamba kamera ilione wapi, nikakosa jibu, ikabidi dada wa watu aongee peke yake mbele ya kioo "yaani Juma kweli umeuza shamba letu", na mpaka leo inaniuma maana aliigiza vizuri ila maneno niliyompa hakuna binadamu anayeyasema. Ningeandika hivi: Asha anafungua droo, bahasha ya hati ya shamba iko tupu. Juma anaingia. Asha anammiminia chai, kikombe kinajaa, chai inafurika mezani, haachi kumimina. Ukiona anakumbuka, anawaza, anajutia kwenye maelezo yako, futa, andika anafanya nini.

5. Jina la mhusika herufi kubwa katikati, maneno yake chini.

6. Isome kwa sauti, kisha kaisajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kabla hujampa produsa yeyote.

MASWALI

– Mkuu fonti saizi ngapi?
Namba 2.

– Nitumie skripti moja nikopi
Kazi ya mtu sigawi. Mfano uko namba 3 na 4, hujasoma.

– Kaka samahani, sini ya watu wanaoongea kwa simu naiandikaje?
Swali zuri dada yangu. Weka vichwa vya sehemu zote mbili, andika kwamba picha inaruka huku na huku kati ya sehemu hizo, halafu endelea na mazungumzo bila kurudia vichwa. Ila jiulize kwanza kama huyo wa pili tunamhitaji, maana ukibaki na uso wa anayesikiliza sini inakuwa nzito zaidi na produsa anaokoa lokesheni nzima.

– Mimi nakaa saluni nasikiliza wanavyoongea, naandika
Endelea hivyohivyo! Mimi siti ya nyuma ya daladala.

– Laptop sina, simu itafaa?
Inafaa kabisa, ila jitumie kwa imeili kila jioni. Rafiki yangu simu ilitumbukia kwenye ndoo, kurasa 40 zikaenda.